Nani Mkubwa wa Msako?

Nilianza kuwinda kwa sababu ya foleni. Mimi ni wakala wa forodha hapa Tunduma, na mtu aliyeshinda wiki nzima katikati ya malori ya Zambia na Kongo, akibishana na madereva kuhusu nyaraka, Jumamosi ikifika hutafuta mahali pasipo na honi. Rafiki zangu walikuwa wameshapapata: tambarare za Momba, ukiipita Chitete kuelekea Kamsamba, kule mto unakoteremkia Ziwa Rukwa. Msimu ukifunguliwa, mwenye bunduki anakata kibali cha ndege, tunajaza mafuta, tunaondoka. Shotigani ina leseni, kanga wapo. Mimi sikuwa mpigaji. Kazi yangu ilikuwa kupita majanini nikipiga kelele mpaka ndege waruke.

Siku hiyo kanga hawakurukia mbele, walirudi nyuma yetu. Mwenzetu aliyeshika bunduki akawafuata kwa mtutu, akageuka nao, akafyatua. Marisau yakapita juu ya kofia yangu, yakakata vitawi vya mgunga uliokuwa kisogoni kwangu. "Kaka, uko salama?" Niko salama. Tukacheka, kile kicheko kirefu cha watu wanaotetemeka, na jioni tukala kanga.

Jumapili nikasimama kanisani nikatoa shukrani. Nikasema Bwana amenitetea, akina mama wakapiga vigelegele, mchungaji akaniombea. Hakuna aliyeuliza bunduki ilikuwa mikononi mwa nani, wala ilikuwaje mtutu ukafika niliposimama. Silaumu kanisa, ibada si mahakama. Lakini nilitoka pale nikijua kwamba shukrani inaweza kufunga shauri kabla halijafunguliwa, kwa maana mpigaji wetu alikuwa ameshaanza kupanga Jumamosi inayofuata.

Aliyenigeuza ni mzee mmoja wa Kinyamwanga anayelinda mahindi yasiliwe na nguruwe pori. Ujana wake aliwinda kwa gobore, na gobore likaondoka na kidole chake cha mkono wa kushoto. Alivuta triga, fataki ikalia, gobore likanyamaza. Akalishusha aangalie kulikoni, ndipo baruti ikashika na mtutu ukapasuka. Tangu hapo alikuwa akihesabu mpaka hamsini kabla ya kuligusa lililogoma, na mwisho akalisalimisha polisi, wakati wa msamaha wa Septemba na Oktoba 2023.

Nilipomsimulia habari zangu hakunipa pole. Aliuliza, "Mkubwa wenu wa msako alikuwa nani, mwanangu?"

Hatukuwa naye. Tulikuwa na mwenye gari, mwenye bunduki na mwenye pesa ya mafuta. Zamani zao, aliniambia, hakuna aliyefyatua kabla mkubwa hajamwita kila mtu kwa jina na kila mtu hajaitika.

Usidhani ajali hizi ni mambo ya porini kwetu tu. Tarehe 11 Februari 2006, huko Texas, Dick Cheney, wakati huo Makamu wa Rais wa Marekani, alimfuata kware kwa mtutu, akageuka naye, akammiminia marisau usoni, shingoni na kifuani mwenzake wa mawindo, wakili Harry Whittington, mzee wa miaka 78. Ni kosa lile lile la mwenzetu wa Momba. Whittington alipona, msafara wa Makamu wa Rais ulikuwa na watabibu na gari la wagonjwa. Mimi wenzangu wangenibeba kwenye pikapu kutoka Kamsamba mpaka Vwawa, na barabara ile naijua.

Nilirudi kwa wenzangu na masharti. Risasi haikai chemba ndani ya gari, wala mtu akivuka korongo. Anayefukuza ndege hapiti mbele ya mstari. Ndege akigeuka nyuma, mwache aende zake. Na vizibao vya reflekta, vile vya vijana wa bodaboda, kila mtu avae. Hapo walinicheka kweli: kanga watatuona! Na watuone. Walikuwa wamezoea kuvaa mabaka, mpaka Agosti 2023 Jeshi la Wananchi lilipotoa siku saba kila raia mwenye sare hizo azirudishe. Wakabaki na kijani cha majani, rangi ya kukufanya usionekane na rafiki mwenye bunduki. Mmoja alisema nimekuwa mwoga akajitoa. Wengine walikubali, na yule aliyenikosakosa ndiye wa kwanza kununua kizibao.

Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015 inambana mwenye bunduki, na ni vizuri. Ila karatasi za mwenye bunduki hazimwambii anayefukuza ndege asimame wapi. Kwa hiyo wewe unayealikwa mawindoni Jumamosi hii, kabla hamjawasha gari uliza ni nani mkubwa wa msako. Wakitazamana, shuka.