Njaa ya Kujitakia

Mwezi huu tuongee jambo ambalo wamama wanalisema kwa sauti ndogo pale bombani: kukonda kwa makusudi.

Sisi tuliovuka mpaka wa Mpondwe na watoto mgongoni hatukufikiri kwamba siku moja tutaona mabinti zetu wanakataa fufu. Lakini ndivyo ilivyo. Huyu anaruka chakula cha asubuhi na cha mchana, yule ananunua sokoni Bwera majani ya chai ya kupunguza tumbo. Picha za kwenye simu zinamwambia mwili wake si mzuri. Sisi wazazi nasi tunaongeza: "We nawe, umekuwa pipa!" Akikonda, majirani wananong'ona kwamba anaumwa. Miaka ya 1980 hapa Uganda watu waliuita Ukimwi "siriimu", maana ulikondesha. Sasa binti afuate lipi?

Wengi wanaojinyima wanapungua wiki chache, halafu uzito unarudi, mara nyingine na nyongeza. Wanajilaumu kwamba hawana moyo mgumu. Jamani, si hivyo.

Mwaka 1944 na 1945, kule Minnesota, Marekani, mtaalamu Ancel Keys aliwapunguzia chakula vijana 36 waliojitolea, ili ijulikane namna ya kuwahudumia watu walioshindishwa njaa na vita. Kwa miezi 6 walikula kama kalori 1,570 kwa siku. Posho kamili ya mkimbizi huhesabiwa kalori 2,100, ingawa tangu 2020 hapa Uganda imekatwa mara kadhaa. Vijana hao walisikia baridi, walinuna, wakawaza chakula usiku na mchana. Waliporuhusiwa kula, wengine walikula bila kushiba, na kwa waliofuatiliwa, mafuta mwilini yakazidi yale ya mwanzo.

Mwili haujui dayeti, unajua njaa tu. Chakula kikipungua ghafla, unabana matumizi, kama mama anavyopima unga posho ikichelewa, na unaongeza hamu ya kula. Nazo chai zile, nyingi zinaharisha tu. Kinachotoka ni maji, si mafuta.

Basi tufanyeje? Mwenye presha au sukari aende kituo cha afya, apimwe, aambiwe apunguze nini. Sisi wengine tule kwa saa zinazojulikana: fufu kiasi, sombe na maharage zaidi, chumvi na sukari kidogo. Na tuache kuutaja mwili wa mtoto mbele za watu. Binti akianza kukwepa sahani, tumuite pembeni, tumuulize taratibu nani kamwambia nini.

Njaa ya kulazimishwa tumeijua. Tusiiingize tena nyumbani kwa hiari yetu.

Tuonane mwezi ujao.