Posho na kochi la watu

Kochi lilikuwa limekwisha. Kochi la watu watatu, rangi ya udongo mwekundu, kitambaa kile kizito ambacho nyuzi zake zimesokotwa kama mkeka. Mteja, mama mmoja wa Kijiji cha Mawaziri, alikuwa aje kulichukua Jumamosi. Jumatatu asubuhi bosi aliingia karakana, akapitisha kiganja juu ya mkono wa kochi kama anavyofanya siku zote, kiganja kikasimama pale kwenye kona. Nyuzi zilikuwa zimening'inia mistari minne, kama mtu aliyechana nywele akaacha kazi katikati.

“Fundi,” akasema, “hii paka yako imekula pesa yangu.”

Paka mwenyewe alikuwa amelala juu ya gunia la vipande vya sponji, tumbo juu, hana neno na mtu.

Nieleze kwanza, maana wengine mtajiuliza mkimbizi na makochi ya watu wakubwa wanakutana wapi. Mimi ni fundi wa kushona na kufunika makochi. Kazi nilijifunza kwetu Kiwanja, na mwaka 2022 tulipovuka Bunagana nilivuka na mkasi na sindano mbili ndefu. Tulipita Nyakabande, tukakaa Nakivale mwaka na miezi, halafu tukaja Kampala. Anayechagua mji anajua: chakula cha msaada kinabaki kambini, huku kila mtu na jasho lake. Karakana iko Ntinda, upande wa barabara inayokwenda Kisaasi. Mapatano na bosi ni kwamba ninalipwa kwa kochi moja moja, na tunalala chumba cha nyuma bila kodi, mimi, mke wangu na binti yetu wa miaka 9, ili usiku nilinde mali. Kwa hiyo bosi aliposema “paka yako”, mimi nilisikia chumba.

Panya ndio waliomleta Posho. Asiyejua kazi hii hajui panya anavyopenda sponji: anaitoboa, anaibeba vipande vipande, anajengea watoto wake ndani ya kochi ambalo hujalifunga bado. Tuliweka sumu, panya wakafa ndani ya makochi, harufu ikatuumbua mbele ya wateja. Halafu binti yangu akarudi siku moja kutoka sokoni na kitu ndani ya sweta. Alikiokota nyuma ya meza za wauza samaki, kidogo kama ngumi, macho yana tope. Alikipa ugali wetu wa jioni, ambao Waganda wanauita posho, na mukene wawili, akala mpaka akaanguka. Jina likatoka hapo. Bosi alisema akikamata panya akae. Alipofika kama miezi minne alikamata, tena vizuri.

Sasa bosi akatoa hukumu yake. Kitambaa cha mkono kibadilishwe kabla ya Jumamosi, gharama ikatwe kwangu. Na paka ana mpaka mwisho wa mwezi, wiki mbili hivi. Uzi mmoja mwingine ukitoka, aende. “Na nikiona unamficha huko nyuma, tutaongea mambo ya chumba.” Hakupiga kelele. Bosi si mtu mbaya. Kitambaa kile ni shilingi elfu 28 kwa mita na si yeye aliyekikwaruza.

Nilianza vibaya. Nilianza kama mtu mwenye hofu anavyoanza, na kandambili. Posho akishika kochi, ninampiga. Siku ya pili alikuwa ameacha kukwaruza mbele yangu, nikajiona nimeshinda. Nikitoka kununua misumari, nikirudi, nyuzi mpya zimetoka kwenye kiti cha majaribio. Yaani alichojifunza ni kunikwepa mimi, kochi aliliona halina kosa. Mke wangu akaleta ushauri wa kwao, pilipili ndani ya maji. Nilipaka. Mteja mmoja akaja kukalia kiti, akajipangusa jicho, nisiendelee. Siku ya tatu paka alikuwa anajificha ndani ya fremu mchana kutwa, na panya wakaanza tena kupita usiku kama watu wanaokwenda misa ya kwanza.

Usiku ule binti yangu hakulala. Alinong'ona kwenye giza: “Papa, Posho akiharibu bintu bya bantu, batamufukuza?”

“Labda.”

“Na siye je? Siye hatujaharibu kitu?”

Nikamwambia alale. Mama yake akajibu kutoka upande wa pili wa godoro kwamba paka ni paka na watu ni watu, na kesho kuna maji ya kuchota. Lakini mimi nilibaki macho. Mtoto huyu aliacha mbuzi wawili Kiwanja, akaacha kuku Nakivale, na kila mara tulimwambia tutapata wengine.

Asubuhi niliacha kandambili nikakaa chini kumtazama Posho kama ninavyotazama kochi lililoletwa kutengenezwa: limechoka wapi, kwa nini pale na si kwingine. Katika karakana kulikuwa na mahameli ya bluu, ngozi ya bandia ya kahawia, na kile kitambaa cha mkeka. Mahameli hakuyagusa hata mara moja. Ngozi aliipanda, akateleza, akaiacha. Kitambaa cha mkeka ndicho alichokipenda, kwa sababu ukucha unaingia, unashika, unavutika. Tena hakwenda popote tu, alikwenda kwenye kona ile ile iliyo karibu na gunia analolalia. Na saa yake ilikuwa moja: akiamka. Anapiga miayo, anatembea hatua tatu, anasimama kwa miguu ya nyuma, anatundika mikono juu, anajivuta mgongo wote mpaka mkia. Ni mimi mwenyewe kila asubuhi nikitoka kwenye godoro lile jembamba.

Nikaokota pia chini ya kochi maganda madogo, meupe, yamepinda kama mwezi mwandamo. Nilifikiri kucha zimemkatika. Daktari wa mifugo mmoja anayenunua kwetu vifuniko vya viti vya gari alinieleza: ukucha wa paka unaota kwa tabaka, kama kitunguu, na kukwaruza ndiko kunakovua ganda la zamani ili la chini litoke kali. Halafu chini ya nyayo ana vitoa-harufu. Akikwaruza anaacha harufu yake, sisi hatuisikii, yeye anaisoma: hapa ni kwangu. Ndiyo maana anarudi pale pale. Kwa hiyo, akasema, kumkataza paka kukwaruza ni kama kumkataza mtu kujikuna. Mpe pa kukwaruzia.

Nilimuuliza, maana nilishasikia kwa wateja, kama ni kweli Marekani wanawatoa paka kucha kabisa. Akasema zamani walifanya sana, ila si kucha peke yake, ni kukata kiungo cha mwisho cha kila kidole. Jimbo la New York lilipiga marufuku mwaka 2019, na Uingereza hairuhusiwi. Nilitazama vidole vyangu, ambavyo ndivyo vinavyotulisha, nikanyamaza.

Mti wa kwanza niliomtengenezea ulikuwa aibu kwa fundi. Kipande cha mbao chembamba, nimekizungushia mabaki ya zulia, nikakisimamisha kule mwisho wa karakana ili kisinizuie njia. Posho alikuja, akanusa, akatundika mikono, mti ukayumba, ukamwangukia. Hakuusogelea tena. Makosa yangu yalikuwa mawili na yote ningeyaona kama ingekuwa ni kiti cha mteja. Kitu kinachoyumba hakikaliwi. Na kitu kilichowekwa mbali na mahali pa haja hakitumiki. Hata mabomba ya maji kambini yanajua hilo (wenye kupanga mabomba wanisamehe).

Wa pili niliufanya kweli. Nguzo ya kalitunsi iliyobaki kwenye kazi ya jirani, unene wa paja la mtoto, urefu unaofika kiunoni kwangu, maana paka atakua na lazima ajinyooshe wote bila kufika mwisho. Chini nikapiga ubao mpana wa mita kasoro, na juu ya ubao matofali mawili. Nikausukuma kwa bega, ukakataa kutikisika. Halafu kamba ya katani kutoka duka la vifaa, mita kama 30, nikaizungusha kwa kubana, mzunguko juu ya mzunguko, gundi kidogo na misumari mwanzo na mwisho tu, vichwa vimezama visije vikamchoma. Kamba ya nailoni usitumie, inateleza. Mke wangu aliuliza elfu kumi na mbili za kamba zimetoka wapi. Zilitoka kwenye mafuta ya kupikia.

Nguzo niliiweka pale pale, imegusana na kona ya kochi, kati ya kona na gunia lake. Kona yenyewe niliifunga kwa nailoni ile inayokuja na sponji mpya, ukucha ukigusa unateleza na unapiga kelele. Mahali alipokwisha kukwaruza nilipasugua kwa sabuni na siki nipunguze harufu yake. Binti yangu akapewa kazi: Posho akiamka, umvute kwa uzi wenye kipande cha kitambaa mpaka kwenye nguzo, uzi upande juu, na akishika kamba apewe kichwa cha mukene. Mikono yake usimshike kwa nguvu kumwonyesha, anachukia. Hatukumpiga tena. Akisogelea kochi, tunapiga makofi mara moja na kumwita kwenye uzi.

Kucha pia tulizikata, ncha tu, kwa kikatia kucha chetu wenyewe. Ukibonyeza kidole taratibu ukucha unatoka, na ndani utaona sehemu ya pinki. Pale pana damu na maumivu, usifike. Mtu mmoja amshike ndani ya taulo, mwingine akate, kucha tatu leo, tatu kesho. Alinikwaruza mara moja. Na hili nawaambia hasa wa kambini wenye watoto: jeraha la paka au mbwa, meno au makucha, lioshwe kwa maji yanayotiririka na sabuni dakika 15, halafu nendeni kituo cha afya, hata kama kidonda ni kidogo. Kichaa cha mbwa hakichagui ukubwa wa jeraha.

Dada mmoja tuliyekuwa jirani huko Juru, Nakivale, alinipigia kucheka kwamba yeye hana kochi, ana shitingi, na paka wake ameitoboa mpaka mvua inaingia. Nilimwambia ni ugonjwa ule ule. Atafute gogo lenye ganda lake, alichimbie lisimame imara karibu na pale palipotoboka, asilipeleke nje ya uzio. Wiki iliyofuata akasema gogo limechanika, shitingi imepumzika. Kamba hakununua, gogo aliokota.

Kwetu ilichukua siku tisa. Siku ya nne alishika nguzo mwenyewe alfajiri, nikasikia kra, kra, kra, nikaruka nikidhani ni kochi. Jumamosi mama wa Kijiji cha Mawaziri alichukua kochi lake likiwa na mkono mpya, hakujua lolote. Baada ya hapo nikawa nasogeza nguzo kila siku kiasi cha kiganja, taratibu, kuelekea mlango wa chumba chetu. Siku moja nilisogeza hatua nzima kwa haraka zangu, akarudi kwenye kochi lililokuwepo, uzi mmoja ukatoka. Niliurudisha ndani kwa sindano kabla ya saa moja. Bosi akisoma hapa, basi amesoma.

Mwisho wa mwezi alikuja, akazunguka makochi yote sita, kiganja juu ya kila mkono. Akatoa hesabu: mita moja na nusu, elfu 42, zikatwe mara mbili. Binti yangu alikuwa amesimama mlangoni na paka begani, hajaenda kuchota maji. Bosi akamtazama, akavuta kiti chake cha zamani cha kuhesabia pesa, akakaa. Posho akashuka, akajinyoosha, akapita nguzo yangu ya elfu kumi na mbili, akatundika mikono kwenye mgongo wa kile kiti, kra, kra.

Nikapiga makofi.

“Mwache,” bosi akasema, bila kugeuka. “Hiki ni changu.”