Pumziko la Gitaa la Pili

Sauti ya gitaa huanza kufa papo hapo inapozaliwa. Mpiga fidla aweza kuirefusha sauti yake kwa upinde, mwimbaji kwa pumzi. Mpiga gitaa akishauachia uzi, hana tena la kuongeza. Kinachobaki ni mtetemo unaofifia tumboni mwa gitaa, na sikio linaloufuata mpaka lifike pasipo na kitu.

Kwa nini basi mtu ayatoe maisha yake yote kwa chombo kama hiki?

Swali hilo hunijia kila nikimsikiliza mpiga gitaa Ida Presti. Alizaliwa Suresnes, kando ya Paris, mwaka 1924, na tangu utotoni alikuwa akipanda majukwaani. Mwaka 1948 ndiye aliyewapigia Wafaransa kwa mara ya kwanza Concierto de Aranjuez, utungo wa Joaquín Rodrigo. Kisha mwaka 1952 akaolewa na Alexandre Lagoya, mpiga gitaa mzaliwa wa Alexandria, Misri. Yule aliyekuwa akisikilizwa peke yake akachagua kuwa mmoja kati ya wapigaji wawili. Je, huko kulikuwa kupoteza, au ndiko kupata kwenyewe?

Wote wawili waligusa nyuzi kwa upande wa kulia wa kidole, nyama na ukucha pamoja, ilhali wapigaji wengi hutumia upande wa kushoto. Katika santuri zao mara nyingi nashindwa kusema lipi ni gitaa la mke na lipi la mume.

Mwaka 1962 mtunzi Mario Castelnuovo-Tedesco aliwatungia preludi na fuga 24. Katika fuga, gitaa moja hutangulia na wazo lake, la pili likangoja. Kisha hilo la pili huingia na wazo lile lile, mwenzake akiwa amekwisha kwenda mbele. Mwanzoni mwa karatasi ya anayengoja huwa hakuna noti, ni alama za pumziko tu. Alama hizo hazimwambii mpigaji apumzike. Zinamwambia: mwenzio anasema, msikilize.

Tarehe 24 Aprili 1967, wakiwa ziarani Marekani, Ida alifariki mjini Rochester, jimbo la New York, kwa kuvuja damu ndani ya mwili. Alikuwa na miaka 42.

Watu husema kufiwa na mwenzi ni kubaki nusu. Huenda hesabu hiyo haitoshi. Nusu ya muziki wa magitaa mawili si muziki mfupi zaidi. Ni kitu kingine kabisa. Ukiipiga peke yako, kila noti ipo pale pale ilipoandikwa, na bado haieleweki: jibu limebaki, swali limeondoka. Na yale mapumziko? Jana yalikuwa kusikiliza. Leo ni ya nani?

Lagoya aliacha majukwaa kwa miaka kadhaa. Akafundisha katika Konsavatori ya Paris, kisha akarudi kupiga mbele ya watu, safari hii peke yake. Alifariki mwaka 1999. Wapo watakaosema kwamba alipona. Mimi nasita. Mkono uliozoea kwa miaka 15 kuungoja mkono mwingine, unaweza kusahau kungoja? Au huendelea kungoja kwa namna ambayo sisi tulioketi ukumbini hatuwezi kuiona?

Santuri zimebaki, ni kweli. Lakini ndani ya santuri Ida hawahi leo wala hachelewi kesho. Hapunguzi mwendo kwa sababu mumewe amechoka jioni ile. Huingia pale pale kila mara, mkamilifu, wala hamsikilizi mtu. Kwetu anatosha. Kwa aliyezoea kusikilizwa naye, angetoshaje?

Sitafuti faraja hapa. Nataka kuelewa tu, na ninachoelewa ni kidogo: anayebaki hapungukiwi na kumbukumbu, wala na upendo. Amebaki na ujuzi usio na kazi. Anajua, kwa kidole na kwa pumzi, ni wapi hasa mwenzake angeingia. Ujuzi huo unauma; na bado sidhani yupo aliyependa ambaye angekubali umtoke.