Nilivyolisikia Gitaa la Besi

Mimi ni mpenzi wa dansi la zamani, lile la akina Mbaraka Mwinshehe na Marijani Rajab, lililorekodiwa Radio Tanzania enzi za studio za Barabara ya Pugu. Naishi Mlandizi, kazi yangu iko Kurasini, na kwa foleni ya Barabara ya Morogoro nakaa ndani ya gari saa nyingi kuliko ninavyokaa sebuleni kwangu. Nyimbo hizo nimezisikiliza humo miaka mingi. Leo nashuhudia kwamba nilikuwa nazisikia nusu.

Gari langu ni Toyota IST iliyokuja na redio yake kutoka Japani. Wenye magari ya namna hii wanaijua: maandishi ya Kijapani, na FM inayoanzia 76 na kuishia 90, kwa sababu hayo ndiyo masafa ya huko kwao enzi zile. Kwetu FM inafika 108. Basi kwenye waya wa antena huchomekwa kidude cha kushusha masafa, stesheni ya 100 ikajitokeza kwenye themanini na kitu, na mikwaruzo juu yake. Tunazoea.

Fundi aliyenifungia muziki ni kijana wa Ilala, mtaratibu sana. Kabla hata ya kutaja bei aliniuliza, "Shikamoo dada. Kwani unapenda kusikiliza nini?" Nilipomjibu alitikisa kichwa. "Basi tuanze na milango. Sabufa tutaiongelea baadaye, ukiona unaihitaji."

Alichomoa jalada la ndani la mlango wa dereva, akanipa mkononi spika ya kiwandani. Nyepesi ajabu: koni ya karatasi iliyokakamaa, ukingo umeanza kuchanika, sumaku ndogo. Akaniambia nigonge bati la mlango kwa vidole. Likalia kama debe tupu. Akalisafisha kwa spiriti, akabandika shuka nene za mpira wa butili zenye alumini juu, akizikandamiza kwa rola mpaka zikashika kila kona. "Gonga tena." Safari hii mlio ulitoka mfupi, mzito, ukafia palepale. Kisha akaziba matundu makubwa ya bati la ndani, huku akinieleza sababu: spika inaposukuma hewa kwa mbele, kwa nyuma inavuta; mlango ukiwa na matundu, ile ya nyuma inazunguka na kuifuta ya mbele, na kinachofutika kwanza ni besi. Vitundu vya chini kabisa aliviacha wazi, maana maji ya mvua hupenya kwenye mpira wa kioo na lazima yapate pa kutokea.

Nimepanda magari yenye amplifaya za bei mbaya na milango inayotetemeka mpaka maneno ya wimbo hayashikiki. Kwangu mimi fedha ya kwanza iende kwenye mlango, kabla hata ya spika.

Baada ya hapo zikaja spika mpya za sentimita 16, na twita zake, vispika vya sauti nyembamba, kwenye nguzo za kioo cha mbele. Amplifaya ndogo ilikaa chini ya kiti, ikala umeme moja kwa moja kwenye betri kwa waya mnene, fyuzi ikiwa jirani kabisa na betri. Hapo hakuna mjadala: waya usio na fyuzi ukichubuka na kugusa bati, gari linaweza kuungua. Waya za sauti zilipita upande wa pili wa gari ili mlio wa alteneta usiingie kwenye muziki. Redio nayo ilibadilishwa bila kukata hata waya mmoja wa gari, kwa kuwa soketi za kuunganishia Toyota zipo madukani.

Kilichonigusa zaidi kilifanyika mwisho, kwa futi ya mkanda. Dereva wetu hukaa kulia, kwa hiyo spika ya kulia iko karibu na sauti yake hutangulia kufika. Sauti husafiri kama sentimita 34 katika sehemu moja ya elfu ya sekunde. Tofauti hiyo ndogo inatosha kumvutia mwimbaji mlangoni. Fundi alipima kutoka kichwani kwangu hadi kila spika, akaingiza vipimo kwenye redio ili spika ya karibu icheleweshwe. Akaweka wimbo wa Marijani, rekodi ya mono, sauti ileile kulia na kushoto. Marijani alikuwa akiimba mlangoni kwangu. Fundi akabonyeza, na Marijani akahamia katikati ya dashibodi, usoni pangu. Machozi yalinitoka, wala sioni haya kulisema.

Na lile gitaa la besi! Miaka yote nilidhani ni mvumo tu chini ya solo na ridhimu. Kumbe lina maneno yake: linauliza, linanyamaza, linarudi kumjibu mwimbaji. Uzi mnene kabisa wa gitaa hilo hupiga hezi 41, chini sana kwa spika ya mlangoni, lakini kila noti hubeba na milio ya juu yake, na sikio likishika hiyo linaifuata noti yenyewe. Sabufa sijaihitaji bado.

Sauti siku hizi naiweka chini. Zamani niliipandisha ili kushindana na upepo na malori. Sasa milango imetulia na nasikia kila neno. Shirika la Afya Duniani linashauri desibeli 80 zisizidi saa 40 kwa wiki, na kadiri sauti inavyopanda, muda huo unapungua upesi. Kwa foleni zetu hilo si jambo la kupuuza. Hata uchovu umepungua: nafika Kurasini nikiwa na uvumilivu wa kuzungumza na watu.

Mdogo wangu ana gari aina ya Noah na ameshaniomba namba ya fundi. Nimemwambia aende na nyimbo zake mwenyewe kwenye fleshi, zile anazozijua mpaka pumzi za mwimbaji, na asikubali kupimiwa muziki kwa nyimbo za dukani.