Staa Aliuza Ng'ombe wa Mama Ashuti Video, Jiko Likazima!

Kuna staa mmoja wa Bongo Fleva, jina kapuni, wengi mnamjua kwa cheni na miwani. Kwao ni Meru, Arusha. Mama yake alikuwa na ng'ombe wawili wa bandani na mtambo wa gesi ya samadi.

Mwaka jana jamaa akakosa hela ya kushuti video. Akasema, "Mama, hawa ng'ombe maziwa yenyewe kiduchu, tuwauze." Mama akajibu, "Sawa baba, ila hesabu vizuri."

Ng'ombe wakauzwa. Video ikabuma. Wiki chache baadae jiko nalo likazima.

Hapo ndo akili ikamkaa sawa. Kinyesi kilo 25 hivi, kikichanganywa na maji kiasi kilekile, hutoa gesi kama mita 1 ya ujazo, yaani moto wa saa 2 na ushee kwa jiko moja. Tope linalobaki lilikuwa mbolea ya migomba. Mtambo wa kujengea ukitunzwa unafika hata miaka 20, lakini bila kinyesi ni shimo tu la saruji.

Sasa kila mwezi jamaa anatuma hela ya mtungi na mbolea ya dukani. Mwezi ukiyumba, mama anarudi kwenye kuni. Maziwa aliyahesabu, moto na mbolea hakuhesabu.

Juzi kampelekea ndama mmoja. Mama kashukuru, ila kwa kinyesi cha ndama mmoja jiko bado haliwaki.

Wadau, we ungeuza?