Usiuze Randa ya Zamani kwa Kilo

Wanunuzi wa vyuma chakavu siku hizi wanafika mpaka vijijini. Wanakuja na baiskeli, gunia na mizani. Wananunua sufuria zilizotoboka na majembe yaliyokwisha. Hayo ni sawa. Lakini wananunua pia randa za mafundi wetu wa zamani. Hilo linaniuma.

Mimi ni Bwana Shamba. Watu huniuliza, randa inanihusu nini? Inanihusu kwa ajili ya nyuki. Mzinga wa viunzi vya juu unataka kila kiunzi kiwe na upana wa milimita 32. Kikizidi, nyuki hujenga sega moja likashika viunzi viwili. Kulitoa ni mpaka ulivunje. Fundi hukata kwa msumeno, kisha hufikia kipimo hicho kwa randa.

Katika kijiji kimoja nilimkuta bibi ametoa nje randa mbili za marehemu mumewe. Mnunuzi alikuwa anakuja jioni. Moja ilikuwa ya mti, na mchwa walikuwa wameila. Kisu chake kilikuwa kizima. Kisu kama hicho hakitupwi, kwa sababu fundi anaweza kukitengenezea mwili mpya wa mti mgumu mkavu. Ya pili ilikuwa ya chuma, imejaa kutu na mavi ya kuku.

"Shikamoo bibi," nikasema. "Hebu niazime hii siku tatu."

"Marahaba, mwanangu. Chukua. Ukishindwa utanilipa bei ya mizani."

Randa za namna hiyo zina umbo lililobuniwa na fundi wa Marekani, Leonard Bailey. Kampuni ya Stanley ilinunua haki zake mwaka 1869. Mpaka leo umbo halijabadilika sana. Ndiyo maana randa ya babu yako bado inafaa.

Kwanza nilitafuta ufa. Mwili wa randa hii ni chuma cha kumimina, nacho hupasuka kikianguka. Ufa mkubwa ukiwapo, basi, mpe mnunuzi. Haukuwapo. Nikafungua skrubu zote, nikaloweka vyuma katika mafuta ya taa usiku kucha, mbali na moto. Asubuhi nikasugua kwa brashi ya waya. Kisha nikatandika msasa juu ya kioo, nikasugua uso wa chini wa randa mpaka ukang'aa sawasawa.

Kazi kubwa ni kisu. Upande wa nyuma ulale bapa juu ya jiwe la kunolea. Upande wa mbele una mlalo, na urefu wa mlalo uwe mara mbili ya unene wa kisu. Kisu cha milimita 2, mlalo milimita 4. Wenye mashine ya kunolea wawe waangalifu, wachovye kisu katika maji kila mara. Ukingo ukigeuka rangi ya bluu, ugumu wake umekwisha, na hapo kitakuwa butu kila siku.

Kisu kikirudishwa, mlalo hutazama chini. Kichomoze kidogo sana, kama unywele. Sukuma kwa kufuata nyuzi za mti, maana ukienda kinyume mti unanyofoka.

Nilijaribu juu ya ubao wa mninga. Randa ikalia taratibu, "shwaa". Maranda yakatoka marefu, membamba, yamejikunja, hata mwanga wa jua unapita. Ubao ukawa laini bila msasa. Nikaendelea kusukuma bila sababu, kwa raha tu, mpaka watoto wakakusanyika kuokota maranda.

Mjukuu wa bibi ndiye anayeitumia sasa. Anatengeneza viunzi vya mizinga, na wafugaji wa nyuki wa kijiji kile wananunua kwake. Jioni bibi mwenyewe huipaka mafuta na kuifunga katika kitambaa. Nami nikitaka kuiazima, huniuliza kwanza nitairudisha lini.