Majirani wa Ziwa Kivu

Sisi watu wa Bukavu tuna majivuno yetu. Mji umekaa juu ya rasi tano zinazoingia ziwani kama vidole vya mkono, na kwa kuwa ziwa liko juu, karibu meta 1,460 kutoka usawa wa bahari, hatujui joto kali wala baridi kali. Kwa hiyo wengi wetu wazeeka bila kuwatembelea majirani. Goma? Twasema ni mawe matupu, tuende kutafuta nini!

Basi mwaka 2019 tulipanda meli, wanaparokia kumi na wawili, tukaenda kuona. Tulipita kando ya kisiwa cha Idjwi, migomba ikishuka mpaka majini, na jioni tukafika.

Mawe tuliyakuta kweli. Tarehe 17 Januari 2002 moto wa mlima Nyiragongo ulishuka katikati ya mji mpaka ziwani, na kanisa kuu likateketea. Watu walirudi, wakajenga juu ya mawe yaleyale, na kuta zao wakazifanyiza kwa mawe hayo. Lakini kilichotushangaza zaidi ni maji. Kwetu mvua hukata udongo mwekundu na kubomoa nyumba za mabondeni. Kwao mawe yanainywa mvua yote, mto hakuna. Asubuhi tuliona akina mama na watoto wakishuka ziwani na bidoni za manjano, wengine wakizipakia juu ya chukudu.

Mama aliyetupokea alituonya pia juu ya mazuku, yaani hewa mbaya itokayo ardhini. Haionekani, hukaa pahali pa chini, na mbuzi au mtoto akilala hapo hufa. Hata vilindi vya ziwa lenyewe vimejaa gesi, nayo upande wa Rwanda, huko Karongi, hufanyizwa umeme.

Dominika, baada ya Misa, tulivuka mpaka kwa miguu tukaingia Gisenyi. Ni hatua chache tu. Wachuuzi walikuwa wengi kwenda na kurudi, vikapu kichwani, hata ungedhani ni soko moja lenye bendera mbili. Hayo yalikuwa kabla ya vita vya mwaka 2025.

Tarehe 22 Mei 2021 mlima ulitapika tena. Siku tano baadaye wakubwa waliamuru sehemu kubwa ya Goma ihame. Wengi walikimbilia Sake na Gisenyi, wengine wakashuka bandarini kwetu na magodoro yao. Watu wa Bukavu walisimama kuwatazama, wakiulizana wageni hawa watalala wapi. Sisi tuliosafiri tulikuwa tunatafuta nyuso. Yule mama tulimwona wa mwisho kushuka, na watoto watatu.

Alikaa kwa mmoja wetu majuma matatu. Siku ya kwanza aliuliza maji yachotwa wapi. Alionyeshwa bomba, ambalo siku hiyo, Mungu ashukuriwe, lilikuwa na maji. Akalifungua, akalifunga, akacheka. Jioni tulimpa bugali na sambaza. Alisema sambaza wa Goma ni wanono zaidi. Tulibishana naye mpaka usiku, ingawa samaki hao si wa Goma wala wa Bukavu: waliletwa kutoka Ziwa Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950.